Kutafuta na Kurekebisha Ethi Mbovu Kwenye Pikapu: Mwongozo Kamili

Ukikanyaga breki usiku, taa ndogo ya nyuma upande wa kushoto ikafifia badala ya kung'aa zaidi, na indiketa ya upande huohuo ikaanza kuwaka kwa unyonge pasipo mtu kuigusa, usikimbilie kubadilisha balbu. Umeme uliotumwa kwenye uzi mkubwa wa balbu ya breki, ule wa wati 21, umefika kwenye kishikio na kukuta njia ya kurudi kwenye betri imeziba. Kwa kuwa uzi mdogo wa wati 5 na balbu ya indiketa hutumia mguso uleule wa ethi, yaani njia ya kurudishia umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, umeme huo hupanda kinyumenyume kupitia kwao, ukaingia kwenye nyaya zisizo zake na kwenda kutafuta ethi kwenye taa nyingine za gari. Ndiyo maana ethi mbovu huonekana kama uchawi: unawasha kitu kimoja, kinaitika kingine.

Katika mfumo wa volti 12 unaotumika kwenye pikapu nyingi, upande hasi wa betri umeungwa na chuma cha gari, nacho chuma hicho ndicho waya wa kurudishia umeme wa karibu kila kifaa. Kila ampea inayotoka upande wa chanya haina budi kurudi upande wa hasi. Mafundi wengi hufuatilia nusu ya kwanza ya safari hiyo kwa bidii, yaani fyuzi, rilei, swichi na waya wa chanya, kisha wakaichukulia nusu ya pili kuwa salama kwa sababu tu ni chuma na haionekani. Kwenye pikapu dhana hiyo ni ya hatari zaidi kuliko kwenye gari dogo la abiria. Gari dogo kwa kawaida ni ganda moja la chuma lililochomelewa pamoja, ilhali pikapu nyingi zina chasisi inayojitegemea, kabini iliyokalishwa juu yake kwa mipira, injini na giaboksi zilizokalishwa kwa mipira mingine, na bodi la nyuma lililofungwa kwa bolti ambazo hupakwa rangi na kuloa matope. Mpira haupitishi umeme. Vipande hivyo vinne vinaunganishwa kiumeme na nyaya chache na mikanda ya shaba iliyosukwa, na mkanda mmoja ukikatika, kipande kizima hubaki kikielea.

Dalili nazo hutofautiana kulingana na kipande kilichokosa ethi. Injini ikikosa ethi, stata, ile mota ya kuwashia injini, huzunguka kwa uzito kana kwamba betri imechoka, na wakati mwingine kebo ya klachi au ya akselereta hupata moto hadi ganda lake la plastiki likayeyuka, kwa sababu mkondo mkubwa wa stata umegeuza kebo hiyo nyembamba kuwa njia ya kurudia. Ukiona kebo ya namna hiyo inafuka moshi wakati wa kuwasha, acha mara moja. Hilo ni thibitisho tosha na huhitaji kipimo kingine. Kabini ikikosa ethi, mishale ya dashibodi huyumba unapowasha taa kubwa, feni ya hewa hupunguza kasi unapopiga honi, na redio hutoa mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Bodi la nyuma likikosa ethi, huja ule mchezo wa taa nilioanza nao.

Kwa nini kipimo cha omu hudanganya

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mtu huweka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye omu, yaani upande wa kupima ukinzani wa njia, hugusa ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, husoma 0.2 au 0.3, kisha hutangaza kwamba ethi ni nzuri. Tatizo ni kwamba nyaya za multimita zenyewe zinaweza kuwa na ukinzani wa kiasi hichohicho, wakati kinachotafutwa ni kidogo zaidi. Stata inaweza kuvuta ampea 200. Ukinzani wa omu 0.01 tu kwenye njia hiyo hupoteza volti 2, kwa kuwa 200 mara 0.01 ni 2, na volti 2 zikiondolewa kwenye betri inayojitahidi kubaki na volti 10 wakati wa kuwasha, stata haizunguki ipasavyo. Multimita ya kawaida haiwezi kuiona omu 0.01. Zaidi ya hapo, multimita hupima omu kwa kupitisha mkondo mdogo mno, ambao hata uzi mmoja wa shaba uliosalia kati ya nyuzi mia zilizooza utaupitisha bila shida. Taa ya kupimia inayounganishwa na ethi nayo ina udhaifu huohuo, ingawa inafaa kutambua mahali ambapo ethi imekatika kabisa.

Njia ya kuaminika ni kupima upotevu wa volti wakati kifaa kinafanya kazi. Multimita iwekwe kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), ncha nyeusi ishike kichwa hasi cha betri, na ncha nyekundu iguse mahali unapopashuku, huku kifaa husika kikiwa kimewashwa. Njia ikiwa safi, volti kati ya ncha hizo mbili zitakaribia sifuri. Ikiwa kuna kizuizi, volti zinazopotea kwenye kizuizi hicho zitaonekana kwenye kioo. Kifaa kikiwa kimezimwa, utasoma sifuri hata kama ethi imeoza, kwa sababu pasipo mkondo hakuna kinachopotea.

Kabla ya kushika spana

Andaa multimita, brashi ya waya, msasa, spana za kutosha, kebo za kuwashia gari kutoka betri ya gari jingine, na waya mwembamba wa kawaida wenye urefu wa mita 6 hivi, ambao matumizi yake utayaona tukifika nyuma ya gari. Vua pete na saa ya chuma. Betri hutoa gesi ya hidrojeni inaposhika chaji, kwa hiyo usilete moto wala sigara karibu nayo, na unapoifungua, anza na upande wa hasi na uurudishe wa mwisho, ili spana ikigusa chuma kwa bahati mbaya isilete mwako. Viunganishi vya rangi ya manjano ni vya mifuko ya hewa. Usivipime wala kuvichomoa.

Kisha jiulize, au umuulize mwenye gari, swali ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko kifaa chochote: ni kazi gani ilifanyika kwenye gari hili kabla tatizo halijaanza? Niliwahi kuhangaika na pikapu ambayo mshale wake wa joto uliruka kila taa kubwa zilipowashwa. Nilibadilisha sensa, kisha thamostati, kisha nikaanza kuishuku dashibodi yenyewe. Wiki kadhaa kabla ya hapo injini ilikuwa imeshushwa kwa ajili ya klachi. Nilipolala chini ya gari na kumulika nyuma ya injini, niliukuta mkanda wa shaba umening'inia, kipete chake, yaani kile kiduara cha mwisho kinachopitiwa na bolti, kinang'aa, na tundu la bolti yake kwenye ukuta wa kabini likiwa tupu. Kupakwa rangi upya, kubadilishwa giaboksi, kufungwa bodi jingine, kuwekwa redio au taa za ziada: kila moja ya kazi hizi hugusa ethi, na bolti iliyorudishwa juu ya rangi mbichi ni sawa na bolti ambayo haikurudishwa.

Hatua ya kwanza: betri na vichwa vyake

Pima betri ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza, kwa maana vipimo vyote vinavyofuata vitachafuliwa na betri dhaifu. Injini ikinguruma, volti ziwe kati ya 13.8 na 14.5 kwenye magari mengi, ingawa baadhi ya magari mapya huzipandisha na kuzishusha kwa makusudi.

Sasa zuia injini isiwake ili stata izunguke bila kukatizwa. Kwa injini ya petroli, chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta. Kwa dizeli yenye solenoidi ya kukata mafuta, chomoa waya wake. Weka gia huru na uvute breki ya mkono. Ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha betri, ile risasi ya katikati, na ncha nyekundu iguse kibano kilichokizunguka. Mwombe msaidizi azungushe stata kwa sekunde tano, si zaidi, na aipumzishe kabla ya kurudia. Kipimo kikizidi volti 0.1, kati ya risasi na kibano kuna uchafu, hata kama kwa macho panaonekana pasafi. Tabaka la kijivu lisiloonekana vizuri hufanya madhara sawa na ule unga mweupe au wa samawati unaoonekana kwa mbali.

Hatua ya pili: injini

Acha ncha nyeusi palepale kwenye kichwa cha betri na upeleke nyekundu kwenye bloku ya injini, mahali pasipo na rangi wala mafuta. Zungusha stata. Volti 0.2 au chini yake ni njia nzuri; kati ya 0.2 na 0.5 ni njia inayoanza kuchoka. Zaidi ya 0.5 ni kasoro inayohitaji kurekebishwa. Ukiipata kasoro, usikimbilie kununua kebo mpya, bali igawanye njia vipande na upime kila kipande peke yake.

Chukua mfano wa jumla ya volti 0.90 kutoka kichwa cha betri hadi bloku. Ukipima kichwa hadi kibano unapata 0.03. Kibano hadi kipete kilichoko mwisho wa kebo unapata 0.07. Kipete hadi bloku unapata 0.80. Kebo haina kosa. Kosa liko kwenye sehemu isiyofikia upana wa sarafu, ambapo kipete kinagusana na injini, na dawa yake ni msasa. Kama 0.80 ingeonekana kati ya kibano na kipete, basi kebo yenyewe imeoza ndani. Ikunje kwa vidole karibu na miisho yake: shaba nzima hukubali kukunjwa kimyakimya, iliyooza huwa ngumu na wakati mwingine hutoa sauti ya kusagika, na ukichana plastiki utakuta unga wa kijani.

Hatua ya tatu: kabini na chasisi

Kwa kipimo hiki injini izimwe na vifaa viwashwe: taa kubwa, feni ya hewa kwenye kasi ya juu, na taa za breki. Taa mbili kubwa za halojeni za wati 55 huvuta pamoja takriban ampea 9, na feni huongeza zake, kwa hiyo kuna mkondo wa kutosha kuonyesha kasoro. Kutoka kichwa hasi cha betri hadi chuma cha kabini, na kisha hadi chasisi, tarajia volti 0.1 au pungufu. Tikisa mikanda na nyaya huku ukitazama multimita. Namba zikiruka, umeshika mahali penyewe.

Halafu washa injini, iache inguruma kwa mizunguko kama 1,500 kwa dakika, na upime kati ya ganda la alteneta na kichwa hasi cha betri. Usishtuke ukiona alama ya kutoa mbele ya namba. Injini ikiwa inanguruma, chanzo cha umeme ni alteneta, kwa hiyo mkondo kwenye kebo hiyo umegeuka na unatoka betri kwenda injini. Ukubwa wa namba ndio muhimu, nao usizidi 0.2.

Kwenye magari yenye kompyuta ya injini, ethi ya sensa hudai usafi zaidi. Sensa nyingi hufanya kazi kwa volti 5, na volti 0.2 zinazopotea kwenye ethi yake ni taarifa ya uongo inayoingia kwenye kompyuta. Hapo kiwango ni volti 0.05. Ukikuta misimbo ya hitilafu ya sensa tatu au nne zisizohusiana imejitokeza kwa pamoja, tafuta bolti ya ethi ambayo zote zinaitegemea kabla ya kununua hata sensa moja. Sensa yenye waya mmoja hupata ethi kupitia nyuzi zake za kujifungia kwenye injini, na mtu aliyeizungushia utepe mweupe wa mabomba ili isivuje anaweza kuwa ameitenga na ethi bila kujua.

Hatua ya nne: nyuma

Huko ndiko kazi huwa nyingi, kwa kuwa viunganishi vya nyuma hupigwa na matope, maji ya kuoshea na kila kilichomwagika kutoka kwenye mizigo. Nyaya za multimita hazifiki mbele, na hapa ndipo ule waya wa mita 6 unahitajika: ufunge kwenye kichwa hasi cha betri, uupitishe nje ya gari hadi nyuma, na uushikishe na ncha nyeusi. Wembamba wake haudhuru, kwa maana multimita inayopima volti haivuti mkondo wa kutajika.

Washa taa inayosumbua, kisha gusa kwa ncha nyekundu waya wa ethi unaoingia kwenye kishikio cha balbu. Ukisoma chini ya 0.2, ethi ya taa hiyo haina hatia. Ukisoma volti 3, 5 au zaidi, rudi nyuma kwa hatua: kiunganishi cha plastiki, waya baada ya kiunganishi, bolti yake ya ethi, bodi, hatimaye chasisi. Mahali namba inapoporomoka ghafla kutoka volti kadhaa hadi karibu sifuri, kasoro iko kati ya hapo na pale ulipogusa kabla. Kama bolti ya ethi imefungwa kwenye bodi la nyuma na si kwenye chasisi, pima pia kati ya bodi na chasisi. Na tela likivutwa, liwe na waya wake wa ethi ndani ya plagi. Kutegemea mpira wa chuma wa kuvutia, uliopakwa grisi na unaorukaruka njiani, ni kubahatisha.

Kuthibitisha kabla ya kufungua

Ukishapata mahali, chukua kebo moja ya kuwashia, unganisha kichwa hasi cha betri na kipande kinachoshukiwa, iwe ni bloku, kabini au bodi, kisha urudie jambo lililoleta tatizo. Likitoweka, umethibitisha. Lakini usiige kipimo hiki kwa kuongeza waya mpya na kuacha ule mbovu ukining'inia. Mazoea hayo ni ya kawaida mno, na fundi anayekuja baada yako atakuta nyaya sita asijue upi unafanya kazi.

Kurekebisha

Fungua upande hasi wa betri. Toa bolti ya ethi, kwangua rangi na kutu kuzunguka tundu lake hadi chuma king'ae kwa upana unaozidi kidogo kipete, na usugue pande zote mbili za kipete. Kama kipete kina mipasuko au shaba imekuwa nyeusi hadi ndani ya plastiki, kata hadi ufikie shaba angavu na ufunge kipete kipya kwa koleo maalumu la kubania. Kukigonga kwa nyundo hakutoshi. Funika shingo ya kipete kwa bomba la plastiki linalonywea kwa joto, hasa lenye gundi ndani, kwa kuwa utepe wa umeme hufunguka kwa joto la injini na kuhifadhi maji.

Weka washa yenye meno ili iume chuma, kaza barabara, na baada ya kukaza ndipo upake grisi au rangi juu ya kiungo kizima. Rangi ikitangulia, umejijengea tatizo upya. Usirundike vipete vingi kwenye bolti moja; vikizidi vitatu au vinne, tafuta tundu jingine. Kamwe usifunge ethi kwenye bomba au tangi la mafuta, wala kwenye bolti za mifuko ya hewa.

Kebo mpya ya injini isiwe nyembamba kuliko ya awali. Kwa injini za petroli kebo za milimita za mraba 25 hadi 35 ni za kawaida, na dizeli kubwa huhitaji 35 hadi 70. Kifaa kinachovuta mkondo mwingi, kama winchi, kipewe kebo yake ya kurudi moja kwa moja hadi kwenye betri. Ikiwa kibano cha hasi kina sensa ndogo ya kupima chaji, ethi za ziada zifungwe kwenye chuma baada ya sensa hiyo, la sivyo kompyuta haitauona umeme unaopita pembeni.

Ukimaliza, rudia vipimo vilevile mahali palepale, ukiwa umewasha vifaa vilevile, na uandike namba kwenye daftari la gari. Baada ya siku chache za kuendesha kwenye barabara mbaya, kagua bolti ulizofunga na uzikaze tena, maana kipete kipya hujilaza kidogo kinapopata joto na mtikisiko.